Mfalme Mweusi wa Stovepipe

Shamba la Tvedt, Stovepipe, Montana
8 Julai 2019

Bwana Krogstad,

Nimepoteza ndama wanne tangu tarehe 21 Juni. Wawili nimekuta kwato na masikio, mmoja nimekuta mguu, na wa nne sijakuta kitu isipokuwa mama yake anayezunguka mahali pamoja akilia mpaka sauti imemkauka.

Naandika kwa sababu simu hupokei, na nikija getini unazima taa ya barazani kana kwamba nimekuja kukuuzia mafagio ya umeme. Miaka sita hatusemeshani kwa ajili ya fahali wako aliyevunja ua wangu. Sawa. Aprili dukani uliniambia "habari bwana" mbele ya watu, mimi mwanamke wa miaka sitini na moja niliyekupikia chakula siku ya mazishi ya mke wako Ione. Hilo nalo nimelimeza. Sikuandikii kuhusu fahali wala kuhusu dukani.

Nakuandikia kuhusu korongo lako la mizoga. Najua kila shamba hapa lina mahali pa kuburuzia kilichokufa. Mimi pia nilikuwa nalo, nikalifukia mwaka ule mbwa mwitu waliporudi milimani. Lako liko wazi, harufu yake inashuka na upepo, na kutoka hapo hadi wanapolala ndama wangu ni mita mia nne. Nimezifuata nyayo mwenyewe baada ya mvua ya Jumanne. Zinatoka mlimani, zinaingia korongoni kwako, kisha zinakuja kwangu. Hawakunichagua mimi kwa chuki. Walikuja kula kwako wakapita kwangu njiani.

Fukia ile mizoga. Trekta la kuchimbia unalo, na ni kazi ya asubuhi moja. Wengine hapa wamerithi shamba. Mimi hili nimelinunua kwa miaka kumi na tisa ya kuchuna ngozi machinjioni, na ninajua ni ndama wangapi ninaoweza kupoteza kabla benki haijaja kulipima ua kwa ua. Wanne ni wengi. Kumi na wawili ndiyo mwisho wangu.

Arlys Tvedt


Kwa Krogstad
12 Julai

Arlys,

Mwandiko wako ni kama njia za chungu. Ukitaka kumtukana mtu andika herufi kubwa, aone tusi liko wapi.

Umepoteza ndama wanne, pole. Mimi nimepoteza ng'ombe wazima watatu, wanene, kila mmoja kilo mia sita. Kwa hiyo usije kunililia mimi. Hawa si wanyama wa njaa, hawa wanaua kwa raha. Wanaua, wanaonja, wanaacha. Na hawaji hovyo, wana serikali yao. Yule mweusi mkubwa ndiye mfalme. Yeye akila ndipo wengine wale, akisema kaa wanakaa. Mpige mfalme uone wengine watakavyotawanyika kama watoto wa shule kengele ikilia. Babu yangu alilijua hilo, na Jumamosi yoyote baa kwa Tilly utalisikia kwa mtu yeyote aliyewahi kufuga kitu kikubwa kuliko kuku.

Korongo ni la babu yangu. Mizoga ilivutwa pale miaka mingi kabla wewe hujaingia bonde hili na visu vyako vya machinjioni, na haikumdhuru mtu. Hata hivyo sina nafasi. Farasi wangu anachechemea, nampumzisha.

Binti yangu Karla ananipigia simu kila Jumapili kutoka Spokane anataka nihamie kwake, kwenye nyumba yenye zulia jeupe. Ndiyo maana simu nimeichomoa. Si kwa ajili yako. Usijipe ukubwa.

W. Krogstad


Shamba la Tvedt
19 Julai

Bwana Krogstad,

Jana nilivuka ua wako bila ruhusa. Nakuambia mwenyewe usije ukaambiwa kwa Tilly.

Niliingia korongoni na kisu nikamchuna ng'ombe wako wa mwisho, yule wa alama ya K begani. Ulivyovicheka visu vyangu nikaona visilale bure. Sasa sikiliza kitu ambacho mikono yangu inakijua kuliko jina langu. Mnyama aliyeumwa akiwa hai, ukiinua ngozi, nyama ya chini imevilia damu, nyeusi kama jemu ya zabibu. Moyo ulikuwa bado unapiga, damu ikamwagika ndani. Aliyeumwa akiwa tayari amekufa, chini ya ngozi ni kweupe. Ng'ombe wako alikuwa mweupe shingoni, mapajani na nyuma ya magoti. Alama za meno ni nyingi, lakini zote ni za mezani. Hakuna hata moja ya vita.

Hakuuawa na mbwa mwitu. Alikufa tumbo limefura, kichwa kikitazama mteremko, na mdomoni alikuwa na yale maua marefu ya buluu. Nikapanda mpaka malisho yako ya juu. Ng'ombe wako wote wako katikati ya maua hayo, yanafika kiunoni mwangu. Wendell, kuna nini? Bonde zima linajua hapelekwi ng'ombe kule mpaka maua yakauke. Mimi nilifundishwa na mtu mwaka nilipohamia, akashuka kwenye farasi, akanishika mkono, akanionyesha jani, akasema, "Hili likimwingia ng'ombe, huna haja ya daktari, una haja ya mnyororo wa kumburuzia." Mtu huyo alikuwa wewe.

Ndama wangu ni habari nyingine. Hao waliuawa kweli, ule mguu niliouokota ulikuwa mweusi ndani. Simtetei mnyama yeyote. Lakini tusimpige kwa kosa la maua.

Na huyo mfalme wako nimemtazama kwa darubini jioni nne kutoka kwenye paa la ghala la nyasi. Dume jeusi, ndiyo, kubwa. Lilitoka msituni limebeba paja la kulungu, watoto watano wakalirukia usoni, likalitupa chini likasogea pembeni likakaa. Watoto wakala. Jike la rangi ya shayiri likala. Wale vijana wawili wa mwaka jana wakala. Likaja kula mwisho, mifupa. Kama huyo ni mfalme, basi ni mfalme wa jikoni. Ile si serikali, Wendell. Ni baba, mama na watoto.

Kuna jambo jingine dogo. Mbona unaandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi? Barua yako ya nusu ukurasa imejaza karatasi sita.

Arlys Tvedt


Kwa Krogstad
22 Julai

Ukivuka ua wangu tena na kisu nitamwita sherifu, na nitamwambia aje na pingu za mkono mnene.

Kalamu ndogo zimeisha wino na duka ni maili ishirini na tano. Umeridhika?

Habari ya maua imekwisha, kwa sababu leo alfajiri nimempiga mfalme. Alikuwa korongoni, mweusi tii, mkubwa kama ndama wa mwaka. Risasi moja tu. Nimemwacha palepale wenzake wamwone wajue nchi ina mwenyewe.

Sasa utalala. Asante sitaki.

W.K.


Shamba la Tvedt
24 Julai

Krogstad,

Mwite sherifu. Nimevuka tena.

Umempiga mama yao.

Nilimgeuza kwa mguu wangu. Jike, rangi ya majani makavu ya shayiri, hana unywele mweusi hata mkiani. Chuchu zake bado zilikuwa zimenyooka kwa watoto wa Aprili. Kwa uzito hafiki nusu ya ndama wa mwaka, nami nimenyanyua ndama wa kutosha kujua. Mweusi wako yuko hai. Nilimwona jana akizunguka ukingo wa msitu, anakwenda, anasimama, anarudi.

Kudanganya ni kwako na Tilly na bia zenu. Sema umempiga simba ukipenda. Lakini usinidanganye mimi ambaye ng'ombe wangu watalipa. Unajua ulichofanya? Pale nyumbani waliokuwa wanajua kuwinda kulungu walikuwa wawili. Sasa amebaki mmoja, ana midomo mitano ya kulisha, na wasaidizi wake ni vijana wawili ambao siku nzima huruka kwenye nyasi zangu zilizokatwa wakikamata panya. Kulungu mzima anawashinda. Ndama hawashindi.

Nilikuomba ufukie mizoga. Umeongeza mmoja.

A.T.


Shamba la Tvedt
8 Agosti

Bwana Krogstad,

Hujajibu. Ndama ni tisa sasa.

Watano wamekwenda tangu ulipomuua yule jike. Hawakuuawa kama wale wa kwanza. Wa kwanza waliuawa haraka, shingo na basi. Hawa wamekimbizwa ua hadi ua, wameumwa mkia, wameumwa paja, mmoja nimemkuta asubuhi bado anapumua na nikammaliza mwenyewe kwa kisu nikiwa nimevaa gauni la kulalia. Ni kazi ya vijana wasiofundishwa. Afisa wa wanyamapori alikuja, akainua ngozi, akakuta jemu ya zabibu kila mahali, akasema, "Mama Tvedt, hawa wanajifunza kwako." Nikamwambia basi shule imejaa.

Sijalala kitandani tangu mwezi uanze. Nalala kwenye gari la mizigo katikati ya malisho, taa zikiwaka, redio ikipiga nyimbo za kanisa kwa ng'ombe. Nimezungushia malisho ya ndama kamba yenye vitambaa, kwa sababu mbwa mwitu huogopa kitu kinachopepea asichokijua. Afisa anasema itanisaidia wiki chache, kisha watazoea. Wiki chache ndizo ninazoomba. Nikifika baridi na ndama waliobaki, nitakuwa hapa mwakani. Nisipofika, shamba linauzwa Oktoba, na mimi nitakwenda kupanga chumba mjini juu ya duka la matairi na kusikiliza lori badala ya ng'ombe wangu.

Sijawahi kumwomba mtu kitu. Nimekopa, nimelipa, nimenunua, nimeuza, kuomba sikujua kunaanzaje. Huku ndiko kunakoanza. Wendell, nakuomba. Toa ng'ombe wako kwenye yale maua, usiongeze mizoga. Fukia iliyopo. Ng'ombe wako wanapokufa pale juu wanaita wageni, na wageni hao wanalala kwangu.

Arlys


Kwa Krogstad
13 Agosti

Arlys,

Ng'ombe wanne zaidi wamekufa. Wangu. Kwa hiyo tuko sawa katika kilio, wewe na mimi, na wewe bado unanihesabia.

Nimeona kamba yako. Umezungushia malisho suruali za ndani nyeupe kama bendera ya kusalimu amri. Mwanzo nilidhani umeanika nguo za shule nzima ya masista. Mbwa mwitu watakufa kwa kucheka, utaokoa risasi.

Nimeshafanya la maana. Nimepiga simu, ndiyo, niliichomeka kwa dakika kumi, na watu wa helikopta wamekubali kuja Jumamosi tarehe 31. Watapita malisho ya juu na ya chini, wamalize lote, mweusi na wadogo. Nimewaambia ng'ombe wangu saba wameuawa. Usiende kuwavuruga na hadithi zako za ngozi.

Usiku nawasikia. Zamani walikuwa wanalia wote pamoja, mmoja anaanza mahali palepale juu ya mwamba, wengine wanapokea. Sasa yule wa kuanza hayupo. Mmoja analia huku, anasubiri. Mwingine analia kule mbali. Si mambo ya mwezi, maana hata usiku wa giza ni hivyo. Wanatafutana. Nalala, na huyo anayesubiri sasa pale mwambani analia mpaka kunakucha. Sijui kwa nini nakuandikia haya.

Ione angekuwepo angejua la kukujibu.

Wendell


Shamba la Tvedt
26 Agosti

Umemuua mbwa wangu Juno.

Jana saa moja jioni, upande wangu wa ua, kola ya rangi ya machungwa shingoni, nilikuwa nimeinama nyuma yake nafunga kamba. Nilisikia risasi kabla sijaelewa kwa nini ameketi. Aliketi tu, Krogstad, kama nimemwambia kaa.

Miaka tisa yule mbwa alikimbilia gari la barua zako, gari la maziwa yako, keki zile za Ione. Kila mara ulipompita barabarani ulimwita kwa jina.

Ndama ni kumi na mmoja. Sina mbwa.


Kwa Krogstad
27 Agosti

Arlys,

Nilimwona mbwa mwitu. Kijivu, anakwenda chini chini kando ya ua. Naapa nilimwona.

Sikujua uko pale. Hukusema kitu. Ungekohoa. Ungeimba nyimbo zako za kanisa. Mtu haendi kuinama kwenye ua jioni bila kusema kitu.

Nitakutafutia mbwa mwingine, kuna mtu wa Dillon ana watoto wazuri, wenye madoa kama Juno. Alikuwa na madoa, siyo? Au alikuwa

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Bunduki nimeiweka juu ya friji, siifikii bila kiti.

Jumamosi watakuja watu wa helikopta na yote yatakwisha. Acha yaishe, Arlys. Usije hapa. Nakuomba usije.

W.


Shamba la Tvedt
Jumatano, 28 Agosti

Wendell,

Hii nimeiandika kwa kalamu ya maboksi, kwa herufi kubwa, nyuma ya mifuko ya chumvi ya ng'ombe, kwa sababu nataka uisome mwenyewe bila kuomba msaada wa mtu. Ni mifuko minane. Isome taratibu.

Juno hakuwa na madoa. Alikuwa mwekundu kama mbweha, na umemwona miaka tisa.

Vitambaa vyangu ni vyekundu. Nilivichana kutoka kwenye hema la zamani la kanisa, vinaonekana mpaka barabara kuu. Uliandika vyeupe.

Yule jike alikuwa rangi ya shayiri ukasema mweusi tii. Nilidhani unadanganya watu wa Tilly. Nilikasirika wiki tano kwa ajili ya uongo ambao haukuwa uongo.

Jana nilikaa mezani nikapanga tena kila kitu kama ninavyopanga hesabu isiyokubali. Taa ya barazani unayoizima nikija getini. Huzimi kwa sababu umeniona. Unazima kwa sababu umesikia gari na hujui ni nani. Farasi anayechechemea tangu Juni, ambaye jana nimemkuta kwenye ua wako anakimbia kama mwehu kwa afya. Ng'ombe katikati ya maua, wa mtu aliyenifundisha mimi maua. Na dukani, Aprili. "Habari bwana." Nilikwenda nyumbani siku ile nikatupa sufuria ukutani. Ulikuwa unasalimu koti la mvua, Wendell. Hukuwa umeniona.

Mama yangu alikwenda hivyo hivyo. Katikati ya macho kukafutika, pembeni kukabaki. Alikuwa akitaka kuniangalia usoni anaangalia sikio langu. Alificha miaka miwili, akiogopa atanyang'anywa gari na jiko, mpaka alipomwagia mdogo wangu maji ya moto.

Sasa najua unachoogopa, na ni lile zulia jeupe la Spokane. Karla akijua, utapandishwa gari kesho yake. Kwa hiyo umekaa hapo umejifungia, hupandi farasi kwa sababu huoni shimo, hushushi ng'ombe kwa sababu huwaoni, hufukii mizoga kwa sababu ukipanda lile trekta utaingia nalo kijitoni. Na kila kilichokufa kwa sababu hiyo umekiandika jina la mbwa mwitu. Hao hawawezi kujitetea. Wakaja kula ulichowawekea, wakakaa, ukampiga aliyewaongoza, watoto wake wakahamia kwenye ndama wangu. Niliomba na kuomba, nikidhani naomba mkaidi.

Juno sijakusamehe. Usinitafutie mbwa. Hilo ni baina yangu na wewe na litachukua muda wake.

Lakini sikia kinachokuja Jumamosi. Watu wale wakipita, watampiga mweusi kwanza, kwa sababu ni mkubwa na anaonekana. Huyo ndiye pekee aliyebaki anayejua njia ya kulungu. Watapiga wengine wawili watatu. Waliobaki watajificha kwenye miti mpaka sauti ipotee, kisha watashuka na njaa mahali wanapojua kuna nyama. Mahali hapo ni korongoni kwako, na baada ya hapo ni kwangu. Amebaki ndama mmoja tu kabla ya mwisho wangu. Mmoja, Wendell. Wa kumi na mbili akienda, nimekwenda.

Hiki ndicho ninachotaka. Hutakipenda, na sijali.

Leo au kesho upige simu uwaambie wasije. Useme ng'ombe walikufa kwa maua. Huna haja ya kusema kwa nini walikuwa kwenye maua.

Bunduki zinakuja kwenye kabati langu. Zote, na ile ya babu yako.

Jumamosi alfajiri napanda farasi wako huyo mzima, nashusha ng'ombe wako wote kwenye majani ya chini, na watachungwa pamoja na wangu mpaka theluji. Kundi moja, ua mmoja, kamba moja. Jioni nafukia korongo kwa trekta lako. La babu yako, ndiyo. Atanisamehe au hatanisamehe, mimi sitakutana naye karibuni.

Na wewe hutakaa bure, maana mtu wa kukaa bure simweki. Uliandika kitu kwenye barua ya tarehe 13 ambacho hata yule afisa hakijui. Unajua kwa sauti ni yupi yuko wapi. Unajua yupi anaanza na yupi anajibu, na kwamba wanatafutana. Mimi nikilala kwenye gari nasikia kelele tu. Utakaa kwenye gari langu na blanketi na chupa ya kahawa, na utaniambia: wako mwambani, au wameshuka. Wakiwa mwambani nitalala saa mbili. Sijalala saa mbili mfululizo tangu Julai. Wakishuka utaniamsha nami nitatoka na taa na sufuria. Nikiwafukuza wiki nzima bila wao kupata ndama wala mzoga, yule mweusi atawapeleka kwa kulungu, kwa sababu ana watoto wa kulisha na hana muda wa kupoteza. Hiyo si imani. Nimemtazama anavyolisha.

Karla sitamwambia. Utamwambia mwenyewe, kwa wakati wako, ukiwa na ng'ombe hai na kazi ya kufanya, na mimi nikiwa nimekaa pembeni yako nikimwambia hapana, baba yako hawezi kuondoka, namhitaji. Lakini siwezi kusema hivyo kwa ajili ya mtu asiyenijibu.

Naomba jibu kwa swali moja. Sitaki kusikia habari za babu yako, wala za farasi, wala za kalamu iliyokwisha wino. Sitaki pole. Andika neno moja kwa kalamu hiyo nene, ulitie kwenye sanduku langu la barua. Nitasimama hapo barabarani Ijumaa tangu saa nne. Nitakohoa ujue niko wapi. Ikifika saa sita mchana sanduku likiwa tupu, nitampigia Karla kabla ya saa saba, kwa sababu sitakuacha na bunduki na usiku mwingine, hata ukinichukia mpaka kaburini.

Unaona, Wendell, au huoni?

Arlys